Mama Pasi Alivyotupima

Watu wengi hudhani jina la Mama Pasi lilitokana na nguo. Kweli alikuwa mtu wa kujipenda, na suruali yake ya michezo ilikuwa na mstari ulionyooka mbele kama ya askari wa gwaride. Lakini jina alilipata uwanjani, enzi zake akichezea timu ya taifa ya wanawake ya mpira wa kikapu, kwa sababu alitoa pasi hata pale ambapo mtu mwingine yeyote angetupa kikapuni mwenyewe. Akimwona mwenzake amesimama vizuri zaidi, mpira ulikuwa umeshaondoka mikononi mwake kabla hujajua kama aliushika. Goti likamharibikia mapema. Akaolewa na fundi umeme, akaajiriwa kufundisha michezo katika shule ya wasichana, akazaa, na watoto wake wakawa wanaitwa watoto wa Mama Pasi. Jina lililoandikwa kwenye cheti chake cha kuzaliwa nadhani hata mumewe alilikumbuka kwa kubahatisha.

Mimi nilimjua nilipoitwa timu ya taifa. Nilikuwa senta, yule wa kusimama chini ya ubao, mrefu kuliko wote, na wenzangu walinikuta tayari na jina la Mnara, nimetoka nalo shule ya msingi. Kocha wetu alikuwa bwana mmoja mnene wa sauti nzito, aliyejua kila mbinu ya mchezo huu, ila mwenyewe alikiri kwamba kuwaelewa watu kunamshinda. Alituona kama kete za drafti: huyu asogee hapa, yule aruke pale. Tulipofuzu kwenda kwenye mashindano ya kimataifa alimwomba Mama Pasi awe msaidizi wake, na akampa kazi moja tu, kututazama. Nani yuko sawa, nani anaumwa na anaficha, nani anacheza kwa hofu, nani apumzishwe, nani aongezewe muda. Ni kazi ngumu kuliko inavyosikika. Mashindano yakishaanza huna nafasi ya kumfundisha mtu jambo jipya. Unaye yule yule uliyepanda naye ndege, na unatakiwa ujue leo ana nini mwilini na nini kichwani.

Kulikuwa na jambo lililowafanya watu wanong'one. Nahodha wetu alikuwa mdogo wake Mama Pasi, wa tumbo moja. Mama yao alikuwa muuguzi, kazi ya zamu, kwa hiyo dada mtu ndiye aliyemlea yule mdogo jioni nyingi. Alikuwa akienda naye mazoezini, anamkalisha pembeni na chupa ya maji na biskuti, na mtoto akajifunza kudunda mpira kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Alipokua akawa mchezaji wa kutajwa. Mabango ya kututakia heri yalikuwa na picha yake. Wengine walisema Mama Pasi ameletwa kumlinda mdogo wake asiguswe. Mama Pasi alisikia maneno hayo na hakuyajibu, alikuwa na tabia ya kuacha maneno ya watu yapite kama gari lisilo lake.

Mechi ya kwanza tulipigwa. Sisemi tulifungwa, nasema tulipigwa. Wale wasichana walitukimbiza mpaka tukawa tunaomba refa apige filimbi, faulo ya nani haijalishi, ili tupumue. Kocha alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Mama Pasi alikaa mwisho wa benchi amekalia mikono yake miwili, viganja chini ya mapaja. Baadaye nilimuuliza kwa nini hukaa vile. Alisema akiiacha mikono itaanza kuelekeza, na mchezaji akiona mkono wa benchi anaacha kucheza anaanza kutazama mkono.

Asubuhi yake alituita mmoja mmoja. Hoteli haikuwa na chumba cha mikutano kilicho wazi, mhudumu akampa chumba kidogo mwisho wa korido, chenye rafu za shuka, meza ya kupigia pasi na harufu ya sabuni ya unga. Unaweza kufikiria vicheko. Kila aliyeitwa tulimwambia anakwenda kupigwa pasi, ajitayarishe kunyooshwa. Vicheko viliisha wa kwanza alipotoka. Alikuwa ametulia kwa namna ambayo sikuwahi kumwona nayo, akaenda moja kwa moja kuvaa viatu vyake vya mazoezi.

Zamu yangu ilipofika nilijiandaa kuulizwa mpira niliopoteza, na nilikuwa nimepoteza mingi. Mama Pasi alinionyesha kapu la nguo lililogeuzwa, nikaketi, magoti yakanifika kidevuni. Hakugusia mechi. Aliniuliza mlango wa chumba chetu ukoje, mfupi au mrefu. Nikasema ni mrefu, napita bila shida.

"Sasa mbona unainama ukipita?" akauliza.

Sikujua kama nainama. Akaniambia amenitazama tangu uwanja wa ndege. Nainama kwenye lifti. Nainama mezani mpaka sahani inakaribia kuniona. Kwenye picha ya timu nimekunja magoti ili nilingane na wenzangu. Na chini ya ubao, mpira ukinijia juu, mahali ambapo hakuna mkono wa mtu utakaofika, naudaka vizuri kisha naushusha mpaka kifuani, kwenye mikono ya wafupi wote wanaongoja.

"Mungu kakupa ghorofa ya juu," alisema, "wewe unawapelekea watu mpira sebuleni."

Nilitaka kucheka, nikakuta machozi yananilenga. Shuleni nilikaa dawati la nyuma miaka yote kwa sababu nawazibia wengine, na nadhani sikuwahi kuondoka kwenye lile dawati. Mama Pasi hakunibembeleza. Alichukua taulo, akalikunja likawa kama mpira, akanirushia juu. Nikadaka. Akasema nisishushe. Akanirushia tena, na tena, mimi nimesimama katikati ya zile rafu mikono imenyooka mpaka mabega yanawaka moto, na kila nilipoishusha hata kidogo alisema tu "juu", kwa sauti ya mtu anayemwelekeza mgeni njia. Alipotosheka alifuta paji lake la uso kwa lile lile taulo na kuniambia nimwite Kidogo.

Kidogo alikuwa mdogo kuliko sote kwa umri na kwa kimo, mgawaji wa mipira wa akiba, msichana mkimya ambaye hata akikukanyaga anakuomba radhi kwa macho. Yeye aliambiwa ukweli mchungu. Mashindano haya yana miili mikubwa, wake bado mwepesi, kwa hiyo atakaa benchi zaidi ya kucheza, atumie nafasi hiyo kujifunza. Alitoka pale amevimba mdomo. Aliyoambiwa aliyasema kwa sentensi moja, timu yote ikajua, akaenda kukaa kwenye ngazi akawa anazungusha mpira kwenye kidole mpaka wakati wa chakula.

Mechi ya pili mgawaji wetu wa kwanza alitolewa kwa faulo mapema, wa pili alikuwa na homa tangu alfajiri. Kocha aligeuka benchi akamwona Kidogo, akashusha pumzi kama mtu anayetoa mwavuli uliotoboka kwa sababu mvua imeshaanza. Kidogo akaingia. Mara ya kwanza aliposhika mpira, jitu moja la upande wa pili lilimpitia likamlaza chali, kichwa kikagonga sakafu tukasikia. Tulidhani atabebwa. Kidogo akainuka, akakung'uta kaptula, akasogea karibu zaidi na yule yule aliyemwangusha. Kuanzia hapo sijui niseme nini. Alipita chini ya mikono yao, akatoa pasi katikati ya miguu yao, akaangushwa tena, akainuka. Mimi nilikuwa nangoja juu, mikono juu, na mipira ikawa inanijia kama imeagizwa. Tulishinda kwa tofauti ndogo sana, na mashabiki wachache tuliokuwa nao walipiga makofi kuliko ukumbi mzima.

Kesho yake tulikuwa tunakunywa chai, timu yote na viongozi, Mama Pasi akasimama na kikombe mkononi. Nilidhani anataka sukari. Akasema kwamba kuna kosa la kazi amefanya na anataka kulisema mbele ya wote, kwa sababu hukumu yake ilikuwa imeshaenea kwa wote.

"Kidogo nilimpima vibaya," alisema. "Nilimpima akiwa amesimama. Huyu hapimwi mpaka aangushwe."

Akaketi, akaendelea na chai yake. Kidogo alikuwa ameinamia mkate, masikio yamemwiva. Mimi nimekaa na makocha wengi kabla na baada ya hapo, na kusikia wengi wakieleza kwa nini walichosema jana kilikuwa sahihi kwa namna fulani hata kama kimetokea kinyume chake. Sijamsikia mwingine akisimama na kikombe cha chai hivyo.

Na nadhani siku ile ndiyo iliyotufanya tukubali lililofuata. Au tuseme, iliyotufanya wengi wetu tukubali.

Nilikuwa nalala chumba kimoja na nahodha. Nilijua kwamba kila baada ya mchezo anajifungia bafuni na mfuko wa barafu, na nilijua ni kwa ajili ya kifundo cha mguu wa kushoto. Aliniomba nisimwambie mtu, sikusema. Uwanjani hakuna aliyeona. Watangazaji walimsifu kwa akili ya ulinzi, wakisema anasoma mchezo mbele ya wote, anaanza kurudi nyuma kabla adui hajaanza kukimbia. Mama Pasi aliona hiyo hiyo akili na akaisoma vingine. Mdogo wake alikuwa anaanza kurudi mapema kwa sababu akisubiri anaachwa. Alikuwa analipia mguu kwa kichwa, na kadiri mechi ilivyoendelea ndivyo kichwa nacho kilivyochoka. Kati ya robo nne za mchezo, ya kwanza alipendeza, ya pili alivumilia, na zilizobaki tulikuwa tunacheza pungufu bila kujijua.

Kocha mwenyewe ndiye aliyetusimulia miaka ya baadaye jinsi Mama Pasi alivyomfuata. Alimkuta anapanga chupa za chumvi na pilipili mezani, anatafuta mfumo wa ulinzi kwa mechi ya tatu, akamwambia kwamba nahodha asianze. Kocha akadhani hakusikia vizuri. Alipoelewa, akamkumbusha kwamba huyo ni mdogo wake.

"Ndiyo maana nimekuja mimi," Mama Pasi akamjibu.

Kocha, ambaye hakuwa mtu mbaya, alijitolea kupeleka yeye habari hiyo. Mama Pasi akakataa. Alisema mdogo wake akiisikia kwa Kocha atajua dada yake amejificha nyuma ya mtu, na hilo litamuuma kuliko habari yenyewe.

Akaja chumbani kwetu alasiri. Nahodha alikuwa mbele ya kioo anafunga nywele. Mama Pasi akaniomba niwapishe, nikainuka, nahodha akasema nikae, kama kuna la kusemwa lisemwe mbele ya shahidi. Nikabaki ukingoni mwa kitanda natamani godoro linimeze.

"Kesho huanzi," Mama Pasi alisema.

Nahodha aliendelea na nywele. "Kocha kasema?"

"Nimesema mimi. Kocha amekubali."

Mikono ikasimama. Nahodha akasema, bado anatazama kioo, "Dada, unataka watu waone huna upendeleo. Ni hilo tu. Unanitoa mimi ili wakusifu wewe."

Niliona maneno yale yakimfikia. Mama Pasi alikuwa na kawaida ya kusimama na uzito kwenye mguu mzima na kulipumzisha lile goti bovu, na alipoambiwa vile alihama kidogo, kama sakafu imeteleza. Lakini hakujitetea. Alisema, "Simama kwa mguu wa kushoto."

Nahodha hakutaka. Dada yake akangoja. Mwishowe akasimama kwa mguu ule, kwa hasira, kidevu juu, na kabla sijavuta pumzi ya pili mkono wake ulikuwa umeshika ukuta.

"Mguu wako una robo moja ya mchezo ndani yake," Mama Pasi akasema. "Mpaka sasa tunaitumia ya kwanza, wakati hata hatuihitaji. Mimi naitaka ya mwisho."

Nahodha akamwambia ametosheka kumsikia, atoke. Mama Pasi akatoka, akaufunga mlango taratibu.

Kumbe hayakuishia hapo. Nahodha alimpigia simu mama yao, na kesho yake tukiwa kwenye chai simu ya Mama Pasi ikalia. Mama yao alikuwa na sauti ya wodini, ile ya kuwaamsha wagonjwa wapewe dawa, na Mama Pasi ikabidi aisogeze simu mbali na sikio, tukasikia wote.

"Nimesikia umemnyima mwenzio mpira," mama alisema.

"Sijamnyima, mama. Nimemwekea."

"Basi mpe."

"Nitampa. Wakati wake ukifika."

Mama yao, ambaye mchezo wetu aliuita huo mpira wenu wa mikono, akauliza kama wanakula vizuri. Meza nzima iliangua kicheko, hata Kocha. Nahodha peke yake hakucheka. Alichukua sahani yake akahamia meza nyingine.

Mechi ya tatu tulianza bila yeye. Alikaa mwisho kabisa wa benchi, upande ule ambao dada yake hakuwepo, taulo kichwani. Alipoitwa robo ya mwisho aliingia akafanya kila alichotakiwa kufanya, bila kosa na bila furaha, kama mtu anayehudumia wateja dirishani saa ya kufunga imefika. Tulishinda, tukaingia robo fainali. Tulipokumbatiana alimzunguka dada yake kama inavyozungukwa nguzo.

Siku mbili kabla ya robo fainali Mama Pasi alipungua mwili machoni petu. Aliendelea kutuita kwenye kile chumba cha shuka, aliendelea kututazama, akagundua kwamba mwenzetu mmoja hatupi kwa sababu kidole kimeteguka na anaogopa kusema, akamfunga kidole, akamwonyesha jinsi ya kutupa kwa vilivyobaki. Kazi haikulegea. Ila chakula alikisogeza tu kwenye sahani, kutoka upande huu kwenda ule. Siku moja nilimkuta kwenye ngazi anaongea na mumewe kwa simu. Sikusikia maneno, niliona tu kwamba anasikiliza zaidi ya kusema, na kwamba mkono wake unasugua goti. Aliponiona alikata simu akaniambia nisimtazame hivyo, niende nikale, kesho nina kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa wenyeji wa mashindano. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye vipito. Walikuwa na senta mmoja mwenye mabega kama kabati, na kwa nusu ya kwanza yote alinifanya alivyotaka. Nilikuwa nimenyooka, mikono juu, sikushusha kitu, na bado alikuwa ananizunguka na kufunga. Nikawa nasikia pumzi zangu mwenyewe kuliko kelele za ukumbi. Tulikuwa nyuma, si sana, ila vya kutosha watu wao kuanza kuimba.

Mwanzoni mwa robo ya tatu nilipumzishwa kidogo, nikakaa benchi karibu na Mama Pasi. Nikaona nahodha anainuka kule mwisho. Alitoa taulo kichwani, akapita mbele ya wachezaji wenzake wote, akaja akasimama mbele ya dada yake, na alisema kwa haraka, kama mtu anayeogopa atabadili mawazo, "Yule kabati hawezi kugeukia kushoto. Kila mara anageukia kulia. Hata akianza kushoto anarudi."

Mama Pasi alitazama uwanjani. Akatazama kwa muda, mara tatu nne mpira ukifika kwa yule senta. Akasema, "Mimi sijaona hilo. Nilikuwa namtazama Mnara." Kisha akasogea, akaacha nafasi kati yetu. "Kaa. Mwambie mwenyewe."

Nahodha akakaa hapo, katikati yetu, bega lake likagusa la dada yake kwa sababu benchi ilikuwa fupi. Akanieleza niweke mguu wapi, niusimamishe mwili wapi, nimwachie wazi upande asioutaka. Niliporudi uwanjani nilifanya hivyo hivyo. Yule mkubwa alijaribu kulia akanikuta. Akajaribu tena akanikuta. Akageukia kushoto na mpira ukamtoka mikononi kama sabuni. Uso wake sitausahau. Alinitazama kama nimefungua droo yake nikasoma barua.

Robo ya mwisho ikaanza, na Mama Pasi akatoa mikono chini ya mapaja. Alimgusa mdogo wake mgongoni, mara moja. Nahodha akavua jaketi.

Nimecheza na watu wengi, na sijaona robo kama ile. Wale wasichana walikuwa wamekimbia jioni nzima, miguu imekuwa mizito, na huyu anaingia na kifundo kilichopumzika na kichwa kilichokaa benchi kinawasoma kama gazeti. Hakukimbia sana. Alitembea mahali ambapo mpira ungefika, na mpira ukafika. Alimwamuru Kidogo kwa nyusi. Alitupa mara chache na hakukosa nyingi. Zikiwa zimebaki pumzi chache za mchezo, tukiwa nyuma kwa pointi moja, alikuwa na nafasi ya kutupa mwenyewe, ukumbi mzima ulijua atatupa, watu wawili wakamrukia. Akaupitisha juu yao. Niliudaka pale pale ulipokuwa na kuuweka kikapuni bila kuushusha hata kidogo.

Kengele ilipolia nilitafuta mtu wa kumkumbatia nikakuta wote wameshamrukia Kidogo. Mama Pasi alikuwa bado amekaa. Alikuwa analia waziwazi, mdomo wazi, bila kujifuta, na lile goti lilikuwa limegoma kumwinua.

Nusu fainali tulifungwa kihalali. Wale walikuwa bora kuliko sisi kwa kila kitu, na nahodha hata robo yake ya mwisho haikuweza kuziba pengo. Siku iliyofuata tulikuwa tunajiandaa kwa mechi ya kutafuta nafasi ya tatu. Mimi nilikuwa nimelala kwenye kitanda cha chumba cha matibabu nikikandwa mgongo, nahodha kitanda cha pili, na Mama Pasi anamfunga bandeji mwenyewe kwa sababu hakuridhika na ilivyofungwa. Walikuwa wanaongea tena, lakini juu ya mambo ya juu juu, maji, viatu, saa ya basi.

Halafu nahodha akauliza, "Uliona lini?"

"Mguu?"

"Ndiyo."

Mama Pasi alizungusha bandeji mizunguko kadhaa. "Mwaka jana. Kwenye mechi za kufuzu."

"Mbona hukusema?"

"Nilidhani nikinyamaza utapona." Akaendelea, macho kwenye bandeji. "Ungekuwa mtoto wa mtu mwingine ningesema siku ile ile. Ukatibiwa mapema. Kwa hiyo ulivyosema pale chumbani kuhusu upendeleo ulikosea upande tu. Upendeleo ulikuwepo. Ulikuwa wa kukuacha ucheze."

Mtu aliyekuwa ananikanda aliacha mikono yake mgongoni kwangu. Nahodha alitazama dari. Niliogopa kwamba sasa ndiyo yameharibika kabisa. Lakini aliinua ule mguu wake mzima akamsukuma dada yake begani, polepole, kama watoto wanavyosukumana kitandani.

"Kaza, dada," akasema. "Inalegea hapo kwenye kisigino."

Tulipoteza mechi ile ya nafasi ya tatu kwa pointi chache. Tukawa wa nne, na nchi yetu haikuwa imewahi kufika hata robo fainali, kwa hiyo tulipokelewa kama tumerudi na kombe. Nahodha alifanyiwa upasuaji wa kifundo akacheza misimu mingine miwili, kila mara akiingia robo ya mwisho, mpaka ikawa akianza kuvua jaketi tu watu wanasimama. Alipostaafu, Kidogo ndiye aliyerithi unahodha, na ameushika vizuri.

Kocha alipoondoka walimwomba Mama Pasi ashike timu. Alikataa kwa heshima. Alisema kocha mkuu analazimika kutazama mpira, na yeye anapenda kutazama watu. Akarudi shuleni kwake kwa wasichana wake, ingawa kila timu inaposafiri huitwa aende nayo, na huenda.

Mwaka jana nilipita shuleni pale kumsalimia. Nilimkuta uwanjani mchana, amekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya kivuli cha ukuta, wasichana wanakimbizana na mpira vumbi juu. Nilitoka nyuma nikasimama mbele yake ili nimshtue, nikamwamkia. Aliitikia vizuri, akauliza hali ya mtoto wangu, akauliza mgongo unaendeleaje, akamuulizia na mume wangu, vyote hivyo bila kunitazama, shingo ameipinda pembeni.

"Nimefurahi umekuja," akasema. "Sasa sogea kidogo. Kuna mmoja pale unanizibia."